Matundu matatu hayachagui risasi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Napiga shabaha kwa bunduki ya 6.5 Creedmoor na najiandaa kwa shindano la mita 1000. Nina maboksi mawili ya risasi za mashindano, Hornady ELD Match za greini 140 na za greini 147 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi). Nilizijaribu kwenye mita 100, tatu tatu. Za 140 zilitoa kundi, yaani umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, la milimita 13, za 147 milimita 24. Mwenzangu anasema mtutu wangu umezikataa 147, nimuuzie. Lakini namba ya balistiki iliyoandikwa kwenye boksi, inayoonyesha risasi inavyoipenya hewa bila kupoteza mwendo, ya 147 ni kubwa zaidi. Nifuate karatasi ya shabaha au nifuate boksi?

JIBU: Usimuuzie mtu kitu, ndugu yangu. Karatasi yako bado haijasema neno.

Hakuna jambo linalonichosha katika kazi hii kama kundi la risasi tatu. Chukua bunduki ambayo makundi yake ya tatu tatu yana wastani wa milimita 20. Bunduki hiyo hiyo, boksi lile lile, mkono ule ule, asubuhi moja, itakupa kundi la milimita 10 na nyuma yake la milimita 30, na hakuna kilichoharibika. Ndivyo bahati inavyocheza na matundu machache. Milimita zako 13 na 24 zinaingia humo zikabaki na nafasi. Na ukipiga kumi badala ya tatu, tegemea kundi lipanuke kwa zaidi ya nusu, maana kila risasi inayoongezwa inapata nafasi ya kutua pembeni. Hapo ndipo watu huanza kulaumu mtutu.

Siku moja nilimpa mpiga shabaha mzuri tu vifurushi viwili visivyo na jina, kimoja nimekiandika A, kingine B. Akapiga tatu tatu, akapima kwa kalipa, akaniambia bila kusita kwamba A ni bora na B "inarusha kulia". Vyote viwili nilivitoa kwenye boksi moja. Nilipomwambia alicheka, lakini karatasi ya A aliikunja akaitia mfukoni.

Sasa hiyo namba ya boksi. Kweli, ya 147 ni kubwa, lakini angalia imeandikwa kwa kipimo gani. Risasi hiyo hiyo inaandikwa 0.697 kwa kipimo cha G1 na 0.351 kwa G7. G1 imetokana na umbo la kizamani lenye kitako bapa, G7 na umbo refu lenye mkia uliopunguzwa, ambalo ndilo linalofanana na risasi zako. Nimewaona watu wakilinganisha G1 ya kiwanda kimoja na G7 ya kingine, kisha wanatangaza mshindi!

Kwako wewe, 147 inatoka mtutuni polepole kidogo kwa kuwa ni nzito, kwa hiyo faida yake inapungua. Upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde utazisukuma zote mbili kama mita moja na nusu hivi zikifika mita 1000, na tofauti kati yao ni kama upana wa kiganja. Ukikosea kuusoma upepo huo kwa mita moja tu kwa sekunde, umekosa kwa karibu sentimita 40. Kiganja kimeshamezwa.

Mita 100 pia zinaficha mambo. Tofauti ya mwendo ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi huwezi kuiona hapo, ila kwenye mita 1000 inakuwa takriban sentimita 30 za juu na chini. Umbo nalo lina siri zake. MatchKing ya greini 168 ya kaliba .308 iliundwa kwa shabaha za mita 300, na huko inapendeza kweli. Ipeleke mbali hadi mwendo wake ushuke karibu na wa sauti, inaanza kuyumba, kwa sababu ya ule mkia wake wenye mteremko mkali. Makundi ya karibu hayakuonyi.

Kwa hiyo rudi uwanjani. Piga kumi za kila aina, ukizipishanisha moja moja ili joto la mtutu na uchovu wako vigawanywe sawa, mwendo wa kila risasi ukipimwa na kuandikwa. Usifute hata moja kwa kisingizio kwamba "hiyo nilivuta vibaya". Msokoto wa mifereji ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi, wa mzunguko mmoja kwa inchi 8, ambao ndio wa bunduki nyingi za kaliba yako, unazitosha zote mbili. Zikikaribiana, chukua zile ambazo utapata maboksi ya toleo moja ya kutosha msimu mzima.

Na jihadhari na mabingwa wa njia za mkato, wanaouza "siri ya mtutu" kwa picha ya matundu matatu yaliyogusana. Waulize karatasi nyingine ziko wapi. Wabaya zaidi ni wanaokufundisha kuongeza baruti kupita kipimo cha kitabu ili risasi nzito ikimbie kama nyepesi. Risasi nzito inataka kipimo chake, na mgandamizo ukizidi hautangulizi barua. Juzi nimeletewa bunduki ambayo bolti yake, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ilifunguliwa kwa nyundo ya mbao. Mwenyewe alikuwa ametia 147 kwenye kipimo cha 140 "na kidogo juu yake", kama alivyoelekezwa. Ganda lilikuwa bado limeng'ang'ania chemba, kitako chake kimefutika maandishi. Nililitoa. Bolti sikumrudishia.