Jibu: "Wamesema si shairi, niache kuandika?"

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kuandika kwa sababu kundi la WhatsApp limelicheka shairi lako na kusema "hili si shairi". Usiache. Ila yachambue waliyokwambia: lipi limegusa mshororo fulani, yaani mstari wa shairi, na lipi limekugusa wewe tu? La kwanza liandike daftarini. La pili liache lipite, hata kama linauma.

Sasa lipime shairi. Kama ulikusudia tarbia, kila ubeti una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani (silabi) 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili). Hesabu kwa vidole huku ukitamka. Wengi huteleza kwenye maneno kama "mtu" na "nchi": kila moja ni mizani mbili, si moja, na hapo ndipo mshororo huzidi bila mwenyewe kujua. Kosa hilo hurekebishika jioni moja, wala halisemi lolote kuhusu kipaji chako.

Kama ulikusudia shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, wamekupima kwa kipimo kisicho chako. Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, nao walimpinga vikali. Leo mashairi yake yanafundishwa vyuoni.

Rasimu mpya usiirushe kundini. Ifunike siku kumi, uisome kwa sauti, kisha mpe msomaji mmoja au wawili. Uliza "umekwama wapi?", usiulize "ni zuri?" Swali hilo la pili huzaa sifa za adabu tu, na mtu mwepesi wa kuumia kama wewe hataziamini.