Hyper-, hypo- na mtego wa ped-

SWALI: Nasoma uuguzi, mwaka wa kwanza. Tumeambiwa tukariri vipande vya Kigiriki ili maneno ya kitabibu ya Kiingereza yasitusumbue. Nimekariri kwamba ped- ni mtoto; mbona pedal ni ya mguu? Na hyper- na hypo- kila siku navigeuza. Kukariri huku kuna faida kweli?

JIBU: Ipo, ila ujue kwanza kipande kimetoka lugha gani. Ped- ya pediatrics, tiba ya watoto, ni Kigiriki: pais, mtoto, shina lake paid-. Ya pedal ni Kilatini: pes, mguu. Waingereza huandika paediatrics, na hiyo "ae" huwatenganisha mtoto na mguu. Wamarekani wameifupisha, ndiyo maana umekwama. Mguu wa Kigiriki ni pod-, kama kwenye podiatry, tiba ya miguu.

Kuhusu hyper- na hypo-, usijilaumu. Vikitamkwa haraka, hasa kwenye simu, hata wazoefu huvichanganya, na madhara yake si ya tahajia tu: hyperglycemia ni sukari kuzidi kwenye damu, hypoglycemia ni sukari kupungua mno, na tiba ya moja humdhuru mwenye nyingine. Mimi kilichoniokoa ni hiki: Kigiriki na Kilatini ni lugha za ukoo mmoja, na mara nyingi penye h mwanzoni mwa neno la Kigiriki, Kilatini kina s. Sita ni hex kwa Kigiriki, sex kwa Kilatini; saba ni hepta na septem; nusu ni hemi na semi. Basi hyper ndiyo super, juu. Hypo ndiyo sub, chini. Super unaijua tangu utotoni.

Jihadhari tu na jambo moja. Kipande hukuonyesha aliyetoa jina alifikiri nini, na huenda alikosea. Anemia, yaani upungufu wa damu, ukiivunja utapata "bila damu"; mgonjwa wa namna hiyo hayupo. Mkemia Mfaransa Lavoisier, mwaka 1777, aliipa oksijeni jina lenye maana ya "izaayo uchachu", akiamini kila asidi inayo. Mwaka 1810 mkemia Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata kidogo, lakini jina lilikwisha kuzoeleka.

Kwa hiyo neno jipya livunje, bashiri, kisha fungua kamusi ya tiba kabla hujaliandika kwenye faili la mgonjwa. Na hyper- na hypo- ukivipokea kwa simu, mwombe msemaji aseme kwa maneno mengine: imepanda au imeshuka?