Maswali yenu: riwaya za mauaji ambazo mpelelezi ni kiongozi wa kweli

Toka niseme napenda zile riwaya za mauaji ambazo anayetafuta muuaji ni kiongozi aliyewahi kuishi kweli, rais, waziri, mke wa rais, sio mtu wa kubuni, maswali hayajakatika. Najibu yaliyojirudia. Yanayofanana nimeyaunganisha, usije ukanuna.

Hizi ni historia au uongo mtupu? Lincoln alikuwa mpelelezi lini?

Mauaji ni ya kutunga, kiongozi ni wa kweli, na mji, nguo, chakula, ugomvi wa siasa za wakati ule vinatakiwa viwe vya kweli. Mtunzi mzuri anatafuta mahali ambapo kumbukumbu zimenyamaza, miezi ambayo hakuna anayejua vizuri jamaa alikuwa wapi, anaingiza maiti yake hapo. Kipimo changu mimi ni kimoja tu, futa jina la huyo mkubwa weka Juma, kama stori inaendelea vilevile basi jina limewekwa kuuzia kitabu na hela yako imeliwa. Na ukubwa wenyewe kwa kawaida ni mzigo kwa mpelelezi, manake rais hawezi kuingia baa ya wavuvi akauliza maswali watu wasimjue, kwa hiyo zile nzuri mara nyingi zinamchukua mtu kabla hajawa mkubwa, au zinaufanya huo ukubwa ndo uwe kikwazo cha stori. Lincoln nakuja kwake hapo chini.

Nimeangalia movie ya Detective Dee, ile ya Kichina. Ni mtu wa kweli au wametunga?

Wa kweli kabisa. Di Renjie, kazaliwa 630 kafariki 700, enzi za Tang, akapanda mpaka akawa mmoja wa mawaziri wakuu wa Wu Zetian, mwanamke pekee aliyeitawala China kwa cheo cha mfalme yeye mwenyewe. Historia rasmi ya Wachina inasema alipokuwa mahakama kuu alimaliza viporo vya kesi zilizogusa watu 17,000 ndani ya mwaka mmoja na hakuna hata mmoja aliyelalamika kaonewa. Hapo mi nahisi waandishi wa ikulu walitia chumvi kidogo, ila sifa yake ndo hiyo.

Movie ya 2010 ina mambo ya watu kuwaka moto wenyewe na mapigano ya hewani, burudani safi, lakini ukitaka upelelezi soma riwaya za Robert van Gulik. Huyu alikuwa mwanadiplomasia wa Uholanzi. Alianza kwa kutafsiri riwaya moja ya zamani ya Kichina kuhusu huyo Jaji Dee, ikatoka Tokyo 1949, akanogewa akaanza kutunga zake mwenyewe na picha za ndani akawa anachora mwenyewe. Anza na The Chinese Gold Murders ya 1959, manake ndo Dee kijana anaenda kituo chake cha kwanza cha kazi, Penglai, mwaka 663, na njiani anavamiwa na majambazi wawili ambao baadaye wanakuwa wasaidizi wake. Nisiseme zaidi.

Utamu wa zile riwaya uko kwenye cheo chenyewe. Hakimu wa wilaya kule alikuwa DC, OCD na hakimu kwa pamoja, anapeleleza yeye, anashtaki yeye, anahukumu yeye, af sheria inamwambia huwezi kumtia mtu hatiani bila yeye kukiri. Kumtesa mshukiwa kunaruhusiwa, ila ukimuua asiye na hatia na wewe unalipia. Kwa hiyo Dee anaweza kumjua muuaji kwenye ukurasa wa 90 na bado hana la kufanya, anabaki kutega mitego mpaka mtu aropoke mwenyewe. Halafu kesi zinakuja tatu kwa mpigo, zinachanganyikana, na huku wakubwa wa mji mkuu wanamsubiri ateleze. Kasoro ipo, nguo na desturi nyingi mle ndani ni za enzi za Ming, miaka mingi sana baada ya Dee kufa, ila van Gulik alilisema hilo mwenyewe wazi kwa hiyo simlaumu.

Sasa sikiliza kitu ambacho hakuna mtunzi aliyekitunga. Mwaka 692 Di alisingiziwa uhaini na Lai Junchen, mtesaji aliyeogopwa kuliko wote kwenye utawala ule. Utaratibu ulikuwa anayekiri mapema anapunguziwa adhabu, basi Di akakiri hapohapo bila kubishana, walinzi wakalegeza kamba kwa sababu mtu keshakiri. Akachana kipande cha shuka la kujifunikia, akaandika malalamiko yake, akakificha ndani ya koti lake lenye pamba, akawaambia walinzi joto limeanza naomba koti liende nyumbani wakalitoe pamba. Mwanae akaikuta ile barua akaifikisha kwa Wu Zetian. Di akaitwa, akaulizwa sasa ulikiri nini, akajibu nisingekiri ningekuwa nimeshakufa kwa kipigo. Roho ikapona, akashushwa cheo akapelekwa kuwa hakimu wa kijiwilaya kinaitwa Pengze, kisha akaja kupanda tena. Na Di huyu anayefikiri huku kisu kiko shingoni ndo utamkuta kwa van Gulik, jina lile haliwezi kufutwa ukaweka lingine.

Kama kila mtu anajua Lincoln alipigwa risasi 1865, kwenye riwaya wasiwasi unatoka wapi? Najua hafi.

Swali zuri na wengi wanalitumia kukataa kusoma. Hafi kweli, ila anaweza kuaibika, anaweza kumponza rafiki yake, anaweza kushindwa kesi mteja akanyongwa. Hayo huyajui.

Jonathan Putnam alianza mwaka 2016 mfululizo wake na These Honored Dead, ambamo Lincoln ni wakili kijana hana hela Springfield, Illinois, na anayesimulia ni Joshua Speed. Speed ni wa kweli. Aprili 1837 Lincoln aliingia dukani kwake akaulizia bei ya vifaa vya kitanda, akatajiwa dola 17, hana, akaomba akopeshwe, na Speed alivyouona ule uso wa huzuni akamwambia mi nina kitanda kikubwa juu tulale wote, Lincoln akapandisha mizigo yake ghorofani, akashuka akasema nimeshahama. Mpelelezi na rafiki yake msimulizi wameletwa na historia yenyewe, mtunzi hajatoka jasho.

Na kesi za ajabu zilikuwepo za kweli. Juni 1841 mtu anaitwa Archibald Fisher alipotea Springfield alipokuja na ndugu wa ukoo wa Trailor. Mji ukachemka, watu wakatafuta maiti vichakani, wakafika hatua ya kubomoa kingo za bwawa la kinu cha mtu ili maji yatoke. Ndugu mmoja, Henry, akabanwa kwa maswali siku kadhaa mpaka akasema ndugu zangu wawili ndo wamemuua. Lincoln akiwa upande wa utetezi. Katikati ya kesi akasimama daktari anaitwa Gilmore akasema jamani Fisher mzima, yuko nyumbani kwangu, ana tatizo la kichwa toka aumie zamani huwa anapotea njia. Wengi hawakuamini mpaka Fisher alipoletwa mwenyewe. Lincoln alimwandikia Speed barua kumsimulia yote, kwa utani kabisa, akataja hadi msukuma mkokoteni aliyelalamika kwamba usumbufu wote huu na hakuna wa kunyongwa. Mwaka 1846 akaiandika tena ikatoka gazetini. Yani rais wa 16 wa Marekani aliwahi kuandika stori ya mauaji ambayo hayakutokea, na kwanini Henry alikiri hakuna aliyejua mpaka leo!

Wengi mnaijua zaidi ile ya 1858, kijana Duff Armstrong kashtakiwa kuua, shahidi anasema alimwona kwa mwanga wa mbalamwezi usiku wa saa 5. Lincoln akamuuliza tena na tena una uhakika mwezi ulikuwa juu, jamaa akashikilia, ndipo Lincoln akatoa almanaka ikaonyesha saa ile mwezi ulikuwa chini kabisa unakaribia kuzama. Duff akaachiwa, na Lincoln hakuchukua hata senti kwa sababu ni mtoto wa rafiki zake wa zamani. Ukishasoma hii unaona kabisa kumfanya Lincoln mpelelezi sio kumsingizia.

Ni kweli mtoto wa Eleanor Roosevelt ndo alimwandika mama yake kama mpelelezi?

Jina lake liko kwenye jalada, Elliott Roosevelt, kuanzia Murder and the First Lady ya 1984. Ila Elliott alifariki 1990 na vitabu vikaendelea kutoka miaka kama kumi baada ya hapo, kwa hiyo jijibu mwenyewe. Mwandishi William Harrington ndo anatajwa kuwa nyuma ya pazia.

Mi zile naziona za wastani. Zinasomeka kwenye basi, umbea wa Ikulu ya Marekani umejaa, Churchill anapita, majenerali wanapita, ila muuaji unamjua mapema. Kinachoniuma ni kwamba Eleanor wa kweli ana vitu zaidi. Alikataa kuzungukwa na walinzi, mpaka wakampa bastola na kumfundisha kulenga. Mikutano yake na waandishi wa habari aliwaruhusu wanawake tu, ili magazeti yalazimike kuajiri wanawake. Ripota wa kike asiyeogopa na mke wa rais mwenye bastola kwenye mkoba, we unataka nini tena? Shida ya mtunzi ni kwamba toka mwisho wa 1935 mama alikuwa na safu yake gazetini siku 6 kwa wiki akieleza kafanya nini na kaenda wapi. Hakuna pa kuficha maiti.

Na hawa walio hai au waliokufa juzi? Hawashtaki?

Kwa Uingereza na Marekani, marehemu hashtaki na ndugu hawawezi kudai amechafuliwa jina, ndo maana Lincoln anatumika atakavyo mtu. Ujerumani wako tofauti, mwaka 1971 mahakama yao ya katiba ilikubali riwaya ya Klaus Mann izuiwe kwa kulinda heshima ya mwigizaji aliyekuwa keshakufa. Na bado hukohuko Ujerumani 2021 David Safier akatoa Miss Merkel, ambamo Angela Merkel kastaafu kahamia kamji kadogo na mume wake na kambwa kanakoitwa Putin, anapeleleza mauaji, na kitabu kilitoka mwenyewe akiwa bado ofisini! Kinachomlinda mtunzi ni kwamba ni utani wa upole, hakuna anayeamini ni habari.

Ya Biden na Obama ya 2018 niliifunga katikati, mzaha mmoja umerefushwa kuwa kitabu. Ya Malkia Elizabeth II, The Windsor Knot ya 2020, imenishinda kwa uzuri. Bibi wa miaka 90 hawezi kwenda popote bila msafara, kwa hiyo anamtuma msaidizi wake mwenye asili ya Nigeria, na kesi ikiisha inabidi wanaume wa usalama waamini wameitatua wao.

Kuna yeyote kati yao aliyekuwa polisi kweli?

Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Miaka ya 1895 hadi 1897 aliongoza bodi ya makamishna wa polisi New York, na usiku alikuwa anazunguka mitaani kuwakamata askari waliolala zamu. Caleb Carr kamtumia vizuri kwenye The Alienist, kama bosi, mpelelezi ni mwingine. Ni huyuhuyu aliyeshuka Mombasa 1909 kuwinda na kupanda treni akiwa amekaa mbele ya injini atazame wanyama.

Sisi je? Mbona hakuna Nyerere mpelelezi?

Wapelelezi tunao toka zamani, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla yuko toka 1960, na Willy Gamba wa Musiba kahangaika na siasa za ukombozi wa kusini, ila wote ni wa kubuni. Mwalimu simshauri mtu. Msomaji hatomruhusu akosee, na mpelelezi asiyekosea anachosha.

Mimi ningemchukua Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Kajifunza kuandika kwa siri, ananakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, wakati mabinti wa pale walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1859 Barghash anapanga kumpindua ndugu yake Majid, na anayeandika barua za njama ni huyo msichana wa miaka kama 15, kwa sababu ndo anayeweza kuandika. Njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay, Salme akabaki Unguja, akajitenga mashambani, baadaye akapatana na Majid na kuwakosea ndugu wengine. Mwaka 1866 akaondoka na manowari ya Waingereza. Katikati hapo kuna kama miaka saba ya binti anayejua siri za barua za kila upande na haaminiwi na upande wowote. Kumbukumbu zake alizitoa 1886, na kuna mambo kibao amepita juujuu. Mtu wa Unguja anayejua kuandika achukue, sidai kitu.

Mwanangu yuko form two, nimpe ipi?

Jaji Dee asubiri, kuna mateso na vichwa kukatwa. Lincoln anafaa kama Kiingereza chake kinaruhusu. Kama hakiruhusu mpe Mzimu wa Watu wa Kale, ile ya Bwana Msa, na usimwambie muuaji ni nani hata akikununia.