Mbeya–Dar kwa ndege: hesabu saa kuanzia mlangoni kwako

Mama yangu anahudhuria kliniki Muhimbili, na magoti yake hayawezi tena kukaa kwenye basi kutwa nzima. Mimi ndiye ninayempangia safari za ndege, kwa hiyo majirani wakitaka kwenda Dar huja kuniuliza inachukua muda gani.

Mtandaoni utaambiwa ni kilomita kama 690, saa moja na dakika chache. Umbali huo ni wa mstari ulionyooka, uwanja hadi uwanja; kwa barabara, ukiweka kona za Kitonga na mwendo wa pole wa Mikumi, unazidi 800. Ile saa moja nayo ni kilomita zilizogawanywa kwa mwendo wa ndege ikiwa angani. Kupaa, kushuka na kuzunguka ardhini havimo, ndiyo maana tiketi huonyesha muda mrefu zaidi. Wengine huogopa pangaboi, yaani ndege ya mapanga yanayozunguka nje, wakidhani itawachelewesha. Kwa safari fupi hivi, jeti huitangulia kwa kama robo saa tu. Usiongeze hela kwa ajili hiyo.

Muda mwingi unaliwa chini. Tangu Desemba 2012 ndege za abiria zinatua uwanja wa Songwe, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na njia ya kwenda huko ndiyo hiyohiyo ya malori ya Tunduma. Lori moja likilala kwenye mteremko wa Mbalizi, hakuna bajaji wala teksi itakayopita. Sisi wa Uyole, upande wa pili wa jiji, tunatoka nyumbani muda wa saa tatu na nusu kabla ya ndege kuruka. Ukijumlisha kusubiri mizigo Dar na foleni ya kuingia mjini, nyumbani hadi hospitali nahesabu saa saba.

Halafu kuna ukungu. Mjini jua linawaka, ukifika Songwe huoni mwisho wa uwanja. Tumewahi kukaa pale tukisikia ndege ikiunguruma juu ya mawingu, mlio ukafifia, kisha tukatangaziwa kwamba imerudi Dar. Nilimwangalia mama akikunja kanga yake taratibu. Kliniki ilikuwa kesho yake, si siku ile, na hilo ndilo lililotuokoa. Tafadhali, mgonjwa asafiri siku moja kabla. Anayeunganisha kwenda nje ya nchi kwa tiketi mbili tofauti naye alale Dar, kwa sababu shirika la pili halitamsubiri, na ndege za nje zinaondokea jengo la tatu la uwanja wa Dar, si lile analoshukia yeye.

Wa Makambako na Njombe, kuja Songwe bado kunalipa ingawa mtaanza kwa kurudi nyuma. Wa Iringa mjini, kama ndege ya uwanja wenu wa Nduli haipo siku yenu, pandeni basi la alfajiri. Jioni mko Dar.