Kopo la pesti halifunguliwi likiwa baridi

Wanangu mnaoanza kuunga bodi za elektroniki, kila kundi jipya likiingia makosa huwa ni yale yale. Someni haya kabla hamjashika kibanio.

1. Pesti ya solda, yaani uji wa chembe za solda wa kuungia vipuri kwenye bodi, hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 10. Asubuhi stensili, lile bamba lenye matundu la kupakia pesti, iko tayari, msimamizi anahimiza, kijana analitoa kopo na kulifungua papo hapo. Hapo kazi imeshaharibika, na bado hakuna anayejua. Tazameni chupa ya maji baridi ikiwekwa mezani hapa Mombasa, hasa Machi: dakika haiishi, imetoka jasho. Jasho hilo huingia kwenye pesti, na ukikoroga ndiyo unalizamisha zaidi. Kupangusa juu kwa kitambaa hakusaidii kitu. Ndani ya oveni ya kuyeyushia solda maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali solda yenye risasi huyeyuka kwenye 183 na isiyo na risasi kwenye 217 au zaidi kidogo. Mvuke unarusha chembe za pesti huku na huku, zinaganda kama punje kati ya miguu ya IC, yaani chipu. Punje nyingine haigusi chochote siku ya kupimwa. Inakuja kubanduka kwa mteja, bodi ikitikisika, na kuunganisha miguu miwili.

Kopo la gramu 500 likae nje saa nne nzima likiwa limefungwa. Kazi ikianza saa mbili asubuhi, zamu ya usiku ilitoe saa kumi alfajiri na kuandika saa kwenye kifuniko. Msiliweke juu ya oveni wala juani! Na pesti iliyobaki kwenye stensili hairudi koponi.

2. IC za kiwango cha 3 cha kuhimili unyevu huvumilia saa 168 nje ya mfuko wao usiopitisha unyevu, lakini kwa hewa isiyozidi nyuzi 30 na unyevu asilimia 60. Pwani, kiyoyozi kikizimwa, hesabu hiyo haipo tena. Zikifyonza unyevu, hupasuka ndani ya oveni kama bisi. Zirudisheni kwenye kabati kavu hata mkienda kula tu.

3. Mstari kwenye kapasita (kipuri cha kuhifadhi chaji) ya tantalamu huonyesha upande chanya. Kwenye ile ya alumini yenye umbo la mkebe huonyesha upande hasi. Tantalamu ikigeuzwa huweza kushika moto.

4. Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli mwilini uguse ngozi, si mkono wa shati, na upimwe kila zamu.