Maswali yenu: Aliyefiwa hana kesi ya kujibu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu waliofiwa, wanaougua au wanaouguza. Nimeyafupisha na kuondoa majina.

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu amefariki kwa saratani baada ya mwaka mzima wa maombi na mifungo. Kina mama wenzangu kanisani wanasema tungekuwa na imani ya kutosha angepona. Mmoja ameniuliza ni dhambi gani ya ukoo hatujaitubia. Niwajibu nini? (Mjane, Mbeya)

Pole sana, mama. Huna wajibu wa kuwajibu, kwa sababu Mungu hajakushtaki. Nitawajibu mimi, na naomba wasome mpaka mwisho.

Wanafunzi wa Yesu walimwuliza swali hilohilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: "Ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Yesu akasema si huyu wala si wazazi wake. Iko katika Yohana 9. Mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu 18, aliwauliza wasikilizaji wake kama wanadhani marehemu wale walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hiyo ni Luka 13. Bwana amekwisha kulijibu, nasi bado tunalipeleka kwenye matanga.

Na hiyo "imani ya kutosha" ipimwe kwa Paulo. Matendo 19 inasema leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Paulo huyo alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa huko Mileto. Timotheo naye, Paulo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyokuwa yakimpata mara kwa mara. Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, aliumwa karibu na kufa. Yeye mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Katika habari hizo zote hakuna hata mmoja anayeambiwa imani yake ilipungua.

Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, halafu wakaongeza: "Bali kama si hivyo," bado hawataiabudu sanamu yake. Wao waliokolewa. Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886 hawakuokolewa, na baadhi yao walikuwa vijana wadogo kabisa, watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Kila mwaka mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo wanakwenda pale, wengine kwa miguu. Kama kuna anayeona vijana wale walipungukiwa imani, akalisemee palepale Namugongo.

Nawakumbusha kina mama hao jambo moja kuhusu Ayubu. Marafiki zake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia dhambi. Sura ya 42 inatuambia Mungu aliwakasirikia, akawaagiza watoe ng'ombe dume 7 na kondoo dume 7, na Ayubu ndiye awaombee. Waliotakiwa kutubu ni wale waliomtetea Mungu kwa kumuumiza mfiwa. Basi dada zangu wa Mbeya, mrudieni mjane huyu mumwombe radhi.

Ule mstari unaosema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba unapatikana wapi? (Morogoro)

Haupo. Wanaounukuu wanauchanganya na 1 Wakorintho 10:13, ambao unazungumzia kujaribiwa tutende dhambi, si kufiwa wala kuugua. Paulo huyohuyo, katika waraka wa pili kwa kanisa lilelile, anaandika: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume alilemewa kupita nguvu zake na akalikiri hilo kwa maandishi. Acheni kumwambia mama aliyezika mtoto kwamba Mungu alimpa kwa kuwa aliona anaweza. Maneno hayo yanamfanya achukie hata ujasiri wake mwenyewe.

Naishi na VVU mwaka wa tisa sasa. Nabii mmoja ameniambia kuendelea kumeza dawa ni kumkana Mungu. Nina wiki mbili sijameza. Je, imani yangu itaniponya? (Dar es Salaam)

Ndugu yangu, kesho asubuhi rudi CTC, kliniki yako ya VVU. Mweleze mhudumu ukweli kwamba umekatisha dawa, na mtajie ni siku ngapi. Hatakufukuza, ameshawapokea wengi waliopita njia hiyo.

Dawa za kufubaza virusi hazivimalizi mwilini, zinavizuia visizaliane. Ukiziacha vinaanza kuongezeka upya, kinga inashuka, na virusi vinaweza kuwa sugu hata dawa uliyozoea isifanye kazi. Ukizimeza vizuri mpaka kipimo kionyeshe virusi havionekani, humwambukizi hata mwenzi wako wa ndoa. Rehema kama hiyo kizazi cha mwaka 1990 hakikuipata, kiliishia makaburini. Nani amempa nabii mamlaka ya kuikataa kwa niaba yako?

Hezekia aliambiwa na Mungu mwenyewe, kwa kinywa cha Isaya, kwamba ataponywa. Isaya huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ya Mungu na dawa zilikaa katika chumba kimoja, na nabii wa kweli ndiye aliyeagiza dawa. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, wala hasemi dawa zitupwe.

Haya nayasema kwa ukali kwa sababu tumeshaona mwisho wake. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Februari 2020 watu 20 walikanyagana wakafa uwanjani Moshi wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kenya, ulifukuliwa ikatoka miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Waliokufa walikuwa watu wa imani. Walichokosa ni mchungaji wa kuwaambia ukweli. Anayekuambia umepona, mwambie aende nawe maabara. Akikataa, usirudi kwake, na ndugu zako nao waambie wasirudi.

Kwa nini waovu wanafanikiwa na sisi wacha Mungu tunateseka?

Swali hili linarudi kila mara, na anayeuliza huwa hajafungua Zaburi ya 73. Isome yote, mistari 28, kisha uniandikie tena.

Mtoto wangu alipofariki nilimwambia Mungu maneno makali. Nilimwambia amenionea. Nimesikia kuna dhambi isiyosameheka, je, ndiyo hii? (Mama, Kahama)

Siyo, mama, siyo kabisa. Dhambi ile ya Mathayo 12 Yesu aliitaja mbele ya watu waliomwona akimfungua mtu mwenye pepo kisha wakasema anatumia Beelzebuli, mkuu wa pepo. Wewe ulikuwa unalia, na unayemlilia ni yuleyule unayemwamini. Usingemwamini usingeongea naye usiku ule.

Ayubu alisema wazi kwamba Mungu amemwonea, akailaani siku aliyozaliwa. Yeremia naye aliilaani siku yake. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado imo ndani ya kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Yesu mwenyewe msalabani alitumia maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hakuna aliyemkemea.

Kosa liko kwetu tunaoongoza ibada. Tunaanza kwa shangwe na kumaliza kwa shangwe. Aliyezika juzi anaambiwa ainue mikono amchekee Bwana, naye anainua kwa sababu majirani wanamtazama. Kwenye kipindi cha ushuhuda anaitwa aliyepata kazi na aliyepona. Aliyeomba miaka saba bila jibu haitwi, kana kwamba ameliaibisha kanisa. Watu wanajifunza kumficha Mungu machozi, na wakishayaficha muda mrefu wanaondoka kabisa, kisha tunawaita walioanguka.

Tena wahubiri wa "mara mbili", wanaoahidi kwamba kila ulichopoteza utarudishiwa maradufu kama Ayubu, wakisome kitabu cha Ayubu kwa utulivu. Ni kweli kondoo walitoka 7,000 wakawa 14,000, na ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto hawakuongezwa mara mbili. Alikuwa nao kumi, akapata kumi wengine, na wale waliokufa nyumba ilipowaangukia hawakurudi. Ayubu aliishi uzee wake wote na makaburi kumi, huku anambariki Mungu. Hayo nayo yahubiriwe, kwa sababu mama wa Kahama anayahitaji kuliko hesabu ya ngamia.

Mume wangu ananipiga. Mzee wa kanisa ameniambia huo ndio msalaba wangu, nivumilie kama Ayubu. (Singida)

Mzee huyo amekosea vibaya, na maneno yake yanaweza kukuua. Msalaba aliosema Yesu ni gharama ya kumfuata yeye. Ngumi za mumeo ni dhambi ya mumeo na ni kosa la jinai. Ayubu hakuwa na pa kukimbilia, wewe unapo.

Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa Yesu kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu usiku, na siku nyingine askari walipotaka kumpiga mijeledi alidai haki yake ya uraia wa Rumi. Kukimbia hatari na kutumia sheria vyote vimo katika Maandiko.

Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe. Watoto wapeleke kwa ndugu unayemwamini. Kuombea ndoa utaomba ukiwa mahali salama. Na ninyi wazee wa kanisa, acheni kusuluhisha ndoa kwa kumrudisha mwanamke kwenye nyumba ambayo bado anapigwa. Mkiitwa kwenye mazishi yake mtasema nini?

Nitoe sadaka ya kiasi gani ili nivuke katika jaribu hili?

Hakuna kiasi. Aliyekutajia bei anakuibia, na kama umeshampa, usimwongeze. Peleka fedha hiyo kwenye ada ya mtoto au bima ya afya.

Tangu kaka yangu alipofariki nakariri Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani na tumaini, lakini naona hali haibadiliki. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Iringa)

Hujakosea, umepewa mstari uliokatwa. Rudi mstari wa 10: Mungu anawaambia mateka wa Babeli kwamba atawajilia baada ya miaka 70. Waliosoma barua ile wakiwa watu wazima walifia Babeli. Ndiyo maana mistari ya mwanzo inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na wazae hukohuko ugenini. Ahadi ni ya kweli na tumaini ni la kweli, lakini haikuwa ya mwisho wa mwezi. Kaa na sura yote, kijana wangu, na endelea na masomo. Hiyo ndiyo bustani yako kwa sasa.

Siwezi kuomba. Nikipiga magoti maneno hayatoki. Silali, sili, naona bora nisingekuwepo. (Hakutaja mahali)

Nabii Eliya naye, chini ya mti wa mretemu, aliomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akalala tena, akala tena. Maongezi yalikuja baadaye, huko mlima Horebu. Kwa hiyo tuanze na mwili wako: mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, usibaki peke yako, na akusindikize hospitali. Sonona ni ugonjwa na una tiba. Kutibiwa hakupunguzi wokovu wako hata kidogo. Kuomba tuachie sisi kwa sasa. Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo hata ukimya wako magotini umepokelewa.

Mchungaji, tukienda msibani tuseme nini? (Kikundi cha vijana, Dodoma)

Semeni pole, kisha mnyamaze. Msiseme "Mungu alimpenda zaidi," msiseme "kila jambo lina sababu," na msimwulize mfiwa marehemu alikuwa anaumwa nini. Chukueni ndoo mchote maji, pasueni kuni, osheni sufuria. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia pamoja na Mariamu na wale waliokuja naye. Nanyi mkilia, lieni. Na matanga yakishaanuliwa na ndugu wa mbali wakapanda mabasi, gaweni zamu: wawili wawe wanapita pale kila Jumamosi mpaka mwaka uishe. Wiki ya tatu ndiyo nyumba inakuwa tupu, na shule zikifunguliwa mtakuta kuna mtoto ambaye hana wa kumnunulia madaftari.