Mrija wa begi la maji ukiota ukungu usiutupe

Juzi dada mmoja kaniandikia mrija wa begi lake la maji, lile la kubeba mgongoni unanywa kwa mrija huku unatembea, umeota madoa meusi ndani, anataka autupe anunue mwingine. Dada yangu, usitupe! Mi nilishatupa miwili bure.

Ngoja nikwambie kilichonikuta. Tulikuwa tunapanda mlima kikundi, mwenzetu maji yakamwishia nikampa mrija wangu anywe, akanyonya funda moja akalitema palepale mbele ya wote, eti maji yananuka matope. Hakuna aliyeniomba maji tena mpaka tunashuka, na iliniuma, mpaka leo inaniuma. Kufika nyumbani nauangalia mrija kwenye mwanga, ute umeganda ndani mpaka kwenye kile kidude cha kung'ata, cha nchani unachokiweka mdomoni ukinywa. Na begi nilikuwa naosha kila safari! Mrija ndo nilikuwa napitisha maji tu, kumbe maji peke yake hayatoi ute, lazima kitu kisugue.

Tundu lenyewe ni kama milimita 6, brashi ndefu sina. Nikachukua mshipi wa kuvulia samaki, urefu zaidi ya mara mbili ya mrija, ncha moja nikafunga nati ndogo, nikaushika mrija wima nati ikateremka yenyewe mpaka chini. Katikati ya mshipi nikafunga kipande cha kitambaa cha pamba chenye sabuni ya vyombo nikavuta, kikatoka cheusi tii, nikavuta tena na tena mpaka kikatoka cheupe. Kifaa nimetengeneza mwenyewe na kimefanya kazi safi kabisa! Ila hakikisha mshipi unabaki na nyuma ya kitambaa, kikikwama unakirudisha.

Baada ya hapo loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu na beking soda, vijiko 2 vya chakula kwa lita, suuza, shika katikati uzungushe kama kombeo maji yatoke, tundika ukauke. Ukitumia dawa ya klorini usiichanganye na siki kamwe, inatoa gesi ya sumu.

Na jamani, tunajali viatu tunajali mazoezi halafu juisi inalala wiki nzima kwenye mrija? Sukari ndo chakula cha ukungu, tuwe tunaweka maji matupu. Mrija ukaushwe siku ileile, sio kesho.

Dada, kile kidude cha kung'ata kichomoe ukioshe peke yake, halafu niandikie kitambaa chako kimetoka rangi gani.